Ukimya wa Sungura Si Amani

Tafakari ya Juma la Pili la Majilio, Mwaka A
Masomo: Isaya 11:1–10, Zaburi 72, Warumi 15:4–9, Mathayo 3:1–12



Katika somo la kwanza Jumapili hii nabii Isaya anawakutanisha wanyama ambao porini hawakutani kwa heri: mbwa-mwitu na mwana-kondoo, chui na mwana-mbuzi, dubu na ng'ombe, na kati yao mtoto mdogo akiwaongoza. Wengi wetu tumeyasikia maneno haya tangu utotoni. Tunayafurahia, kisha tunayaahirisha mpaka mbinguni. Leo naomba tuyashushe hadi uani na sebuleni, kwa kuwa zipo familia katika parokia zetu zinazoishi na unabii huu kila siku bila kuutambua. Ni zile zenye paka na sungura chini ya paa moja.

Mnazifahamu nyumba hizo. Paka aliletwa kwa ajili ya panya, akazoeleka, sasa analala kwenye kochi. Sungura alinunuliwa akiwa mdogo ili akue awe kitoweo. Watoto wakampa jina, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumtaja jikoni. Likizo ya Desemba inapoanza watoto wanashinda nyumbani, na wanatamani sana wapenzi wao wawili wacheze pamoja. Ndipo mzazi ananifuata baada ya Misa na kuuliza: "Padre, hivi hawa wanaweza kukaa pamoja?"

Wanaweza. Ziko nyumba ambako paka na sungura hulala ubavu kwa ubavu na kulambana manyoya. Lakini amani ya namna hiyo haiji kwa bahati, wala haiji kwa kuwafungia wawili hao chumba kimoja tukisubiri wazoeane. Kuna mtu aliyekaa chini akaitengeneza. Nikiitazama kazi ya mtu huyo, naliona ndani yake fundisho zima la juma hili: amani kati ya mwenye nguvu na mnyonge huanza pale mwenye mamlaka anapoamua kusimama upande wa mnyonge.

Haki hutangulia

Tumsome Isaya kwa utaratibu. Kabla ya kuwataja wanyama, katika mstari wa 3 hadi wa 5, anamwelezea mfalme atakayechipuka katika shina la Yese. Mfalme huyu hatoi hukumu kwa kutazama sura ya mambo, wala kwa kusikiliza yanayosemwa. Maskini anawaamua kwa haki, wanyonge wa nchi anawatetea, na mwenye kuwaonea anakutana na ukali wa neno lake. Baada ya hayo, katika mstari wa 6, ndipo mbwa-mwitu anapokuja kukaa na mwana-kondoo. Utaratibu huo una maana kubwa. Kwanza hukumu ya haki, kisha amani ya wanyama. Mahali ambapo hakuna anayemtetea mwana-kondoo, mbwa-mwitu akisogea karibu sote tunajua kitakachofuata.

Nyumbani mwako mwenye mamlaka ni wewe. Paka hana dhambi kwa kuwa mwindaji. Yeye ni wa ukoo wa paka-pori wa Afrika, na mwili wake wote umeumbwa kwa nyama: macho yanayoona kwenye giza hafifu, kucha zinazojificha hadi zinapohitajika, masikio yanayonasa mkwaruzo mdogo kabisa ukutani. Sungura wa kufugwa naye, ambaye mababu zake walichimba mashimo katika ardhi ya Hispania na Ureno, ameumbwa kwa kukimbia na kujificha. Macho yake yapo pande mbili za kichwa ili aone karibu pande zote kwa mara moja. Masikio yake huzunguka kila moja kwa wakati wake. Miguu ya nyuma ina nguvu ya kumfikisha shimoni kabla ya adui. Katika hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu, sungura huwashinda simba na fisi kwa ujanja wake. Ndani ya nyumba ya matofali hana shimo wala kichaka, na ujanja wake wote haumfai kitu.

Mungu aliwaumba wote wawili, akaona kuwa ni vyema. Hakumpa paka kazi ya kujizuia kwa ajili ya sungura, wala hakumpa sungura kazi ya kujilinda asikokuwa na pa kukimbilia. Kitabu cha Mwanzo kinasema viumbe waliletwa mbele ya mwanadamu, na kwamba alikabidhiwa bustani ailime na kuitunza. Ukiwaweka mwindaji na mwindwa chini ya paa moja, umejitwalia kiti cha mwamuzi, na siku mambo yakiharibika hatutamhukumu paka.

Mnyonge asiyelia

Zaburi ya Jumapili hii inamsifu mfalme anayemwokoa mhitaji anapolia, na maskini asiye na wa kumsaidia. Je, yule mhitaji asiyelia?

Mbwa akiumia hubweka. Paka akiudhika hufoka na kukwaruza. Sungura hunyamaza. Porini anayepiga kelele hujitangaza kwa adui, na kwa hiyo amejifunza kuficha maumivu na hofu mpaka mwisho. Ukelele wake, tukiusikia, mara nyingi ni wa mwisho. Akiogopa sana huganda. Mwili anaulaza sakafuni, masikio ameyabana mgongoni, macho yamemtoka, pumzi inakwenda mbio. Mgeni akiingia sebuleni akamkuta katika hali hiyo, na paka amejilaza hatua mbili kutoka hapo, atasema kwa furaha, "Tazama walivyozoeana!" Atatoa simu apige picha. Kumbe anapiga picha ya kiumbe anayesubiri kufa.

Hofu hiyo inamla kutoka ndani. Tumbo la sungura limeumbwa lifanye kazi karibu wakati wote. Hofu na msongo vinaweza kulisimamisha. Anaacha kula, anaacha kutoa vile vidonge vyake vya kinyesi, gesi inamjaa. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula ni mgonjwa wa kuwahishwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Wengine hufa kwa mshtuko mtupu, bila alama ya jino wala ukucha, na familia inasema amekufa ghafla.

Hapa ndipo maneno ya Isaya juu ya mfalme asiyehukumu kwa sura ya mambo yanapokuwa mwongozo wa kila siku. Mtunzaji mwema hujifunza kuona kilicho nyuma ya utulivu. Amani ya sungura ina dalili zake, na watoto wanaweza kuzijua vizuri kuliko sisi. Sungura mwenye amani hutembea. Hula paka akiwepo. Hukaa akiosha uso wake kwa mikono miwili. Hujitupa ubavu, miguu ameinyoosha, na akifurahi sana huruka juu na kuupinda mwili hewani. Akiona hatari hupiga sakafu kwa miguu ya nyuma, na kishindo hicho ni onyo ambalo hatupaswi kulipuuza. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinasema mtu mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Kujali huko huanza na kumtazama kwa makini, bila haraka, mpaka ujue hofu yake inafananaje.

Itengenezeni njia

Katika Injili, Yohane Mbatizaji hana subira na watu wanaoegemea jina zuri. Waliomjia wakijivunia kuwa wana wa Abrahamu aliwataka waonyeshe matunda. Nasi tuna usemi wetu wa kujifariji: "Paka wetu ni mpole, hana neno." Upole wake kwa watoto wako haujawahi kupimwa mbele ya kiumbe mdogo anayekimbia, na mbio za sungura ndizo zinazoamsha uwindaji ndani ya paka. Njia lazima itengenezwe. Naomba mniruhusu nieleze namna, kwa sababu upendo usioshuka kwenye vitendo haumlindi mtu.

Anza kwa kuwapima hao ulio nao. Sungura aliyekomaa wa aina ya New Zealand White hufikia kilo nne au tano, mara nyingi akawa mzito kuliko paka mwenyewe. Paka aliyelelewa tangu mdogo karibu na sungura wa ukubwa huo hujifunza mapema kwamba huyu ni mwenzake wa nyumbani. Sungura mdogo wa kilo moja ni jambo jingine. Watoto wa sungura ndio kabisa: huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba hadi siku ya kumi hivi, na paka yeyote, hata aliye mpole kiasi gani, asifikie sanduku la kuzalia. Na kama paka wako ni mwindaji hodari, kila siku analeta ndege au mjusi mlangoni, huenda wawili hawa wasikutane kamwe isipokuwa kwa kutenganishwa na wavu imara. Kukubali hivyo nako ni upendo.

Kisha muone daktari wa mifugo. Paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa usalama wa nyumba nzima. Dume ahasiwe na jike afungwe kizazi, paka na sungura pia, kwa maana sungura dume asiyehasiwa humsumbua paka kwa kumpanda, na jike hugombea eneo lake kwa meno. Kucha za paka zipunguzwe ncha.

Siku za mwanzo kila mmoja awe na chumba au banda lake. Chukua kitambaa, mpanguse paka, kiweke karibu na sungura anapokula. Fanya hivyo kwa upande wa pili. Kwa njia hiyo harufu zao zinafahamiana kabla ya macho. Baadaye walishe pande mbili za mlango uliofungwa, ili kila mmoja aihusishe harufu ya mwenzake na chakula. Halafu waonane kupitia wavu wa chuma wenye matundu madogo yasiyopitisha mkono wa paka. Hapo kaeni siku nyingi bila kuona haya. Wakionana huku wakiendelea kula na kujilaza, mnaweza kujaribu kuwakutanisha, watu wazima wawili wakiwa chumbani, paka amevaa mkanda wa kifuani wenye kamba, sungura akiwa huru sakafuni.

Nasisitiza sakafuni. Mtoto asimshike sungura mikononi ili "amsalimie" paka. Sungura aliyeshikwa hana pa kukimbilia. Atarusha miguu ya nyuma kwa nguvu, na uti wake wa mgongo ni mwepesi kuvunjika kwa rusho hilo. Sungura ndiye apewe uamuzi wa kusogea au kuondoka. Paka akianza kukaza macho bila kupepesa, akishusha tumbo karibu na sakafu, ncha ya mkia ikitikisika, kukutana huko kumekwisha kwa siku hiyo. Msimpige wala kumfokea. Mgeuzeni taratibu, mpeni kitu kingine cha kucheza, jaribuni tena kesho. Akitazama pembeni na kuanza kujilamba, mpeni kipande cha nyama na sifa nyingi. Kazi hii inaweza kuchukua majuma, pengine miezi, na haifupishwi kwa sababu Noeli imekaribia.

Nyumba nayo ipangwe upya. Sungura awe na sanduku la kujificha lenye matundu mawili, ili paka akiziba moja, jingine libaki wazi. Paka awe na mahali pa juu, juu ya kabati au kwenye rafu, anapoweza kuondokea akichoka na pilikapilika za sungura. Maana sungura aliyezoea naye hufukuza. Usiku, na kila wakati hakuna mtu mzima nyumbani, watengwe, hata baada ya miaka ya urafiki.

Wema usio na maarifa

Isaya anahitimisha unabii wake kwa kusema kwamba madhara yatakoma katika mlima mtakatifu kwa kuwa nchi itajaa kumjua Bwana. Amani yake imejengwa juu ya maarifa. Nami nimeona mara nyingi kwamba wema usio na maarifa huumiza wale tunaowapenda.

Angalieni dawa za viroboto. Viroboto wa paka huhamia kwa sungura bila kubisha hodi, na mtu mwenye huruma huwapaka wote wawili dawa ileile. Fipronili, iliyomo katika dawa nyingi za matone zinazotumika kwa paka, inaweza kumuua sungura. Pemethrini, iliyomo katika baadhi ya dawa za mbwa, ni sumu kwa paka. Kinachomponya mmoja kinamzika mwingine. Kila mmoja apate dawa yake, kwa ushauri wa mtaalamu, na watengwe mpaka iliyopakwa ikauke.

Chakula ni vivyo hivyo. Sungura anahitaji nyasi, mbichi na kavu, kwa wingi kuliko kitu kingine chochote, na majani kidogo ya pembeni. Chakula cha paka kina protini na mafuta ya kumharibu tumbo. Majani ya mparachichi, ambayo uani kwetu ni tele, ni sumu kwake. Paka kwa upande wake hawezi kuishi kwa ugali na mboga tunazobakiza. Kinyesi chake kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, kwa hiyo nyasi za sungura zihifadhiwe mbali na mahali anapojisaidia, na mama mjamzito asisafishe sanduku lake la mchanga.

Jambo la mwisho katika hili, na naliona kuwa zito kuliko yote: jino la paka ni jembamba kama sindano. Tundu lake kwenye ngozi ya sungura hufunikwa na manyoya, damu haionekani, na bakteria walio kinywani mwa paka huingia ndani kabisa. Sungura aliyeumwa na paka, hata akionekana mzima na anakula, apelekwe kwa daktari siku ileile. Ukisubiri uone kidonda, umechelewa.

Mwenye nguvu na mzigo wake

Wahenga wetu walisema, mwenye nguvu mpishe. Ni ushauri wa mnyonge kwa mnyonge mwenzake: ukiona simba njiani, kaa pembeni, uishi. Tumeuishi ushauri huu mpaka tumeanza kudhani kuwa ni sheria ya Mungu. Mtume Paulo, katika sura ileile ya 15 tunayosoma leo, mwanzoni kabisa, anawageukia wenye nguvu na kuwaambia kuwa wao ndio wanaopaswa kubeba udhaifu wa wanyonge na kuacha kujipendeza wenyewe. Kisha katika mstari wa 7 anatuagiza kukaribishana kwa kipimo ambacho Kristo alitukaribisha nacho. Kipimo hicho ni kizito. Kristo alitukaribisha kwa kushuka.

Katika nyumba ya paka na sungura, mzigo wa mabadiliko unawekwa mabegani mwa wenye nguvu. Paka ndiye anayefungwa kamba. Paka ndiye anayekatwa kucha. Mtoto ndiye anayejizuia kumbeba sungura ingawa mikono yake inamwasha. Mzazi ndiye anayeamka kuhakikisha mlango umefungwa. Sungura anaombwa kitu kimoja tu: aendelee kuwa sungura, ale nyasi zake, aje atakapokuwa tayari. Tunapokosea ni pale tunapogeuza mzigo huu, tukamlaumu mnyonge kwa kuwa mwoga, tukasema atazoea tu.

Wala paka hanyimwi haki yake. Amani inayompendelea mmoja kwa kumtesa mwingine si amani ya Isaya. Paka apate mchezo wake wa kuwinda kamba na mpira kila siku, apate nyama yake, apate kubembelezwa peke yake bila kushirikiana na mtu. Anapotosheka, kujizuia kwake kunakuwa kwepesi.

Sungura wa Greccio

Mapokeo ya Kanisa yametuachia habari moja inayofaa sana majuma haya. Mji mdogo wa Greccio, nchini Italia, tunaukumbuka kila Noeli kwa sababu hapo mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza hori, akaleta ng'ombe na punda, ili waamini waone kwa macho yao umaskini alimozaliwa Mwokozi. Desturi ya pango la Noeli katika makanisa yetu imekua kutokana na usiku ule. Lakini Thoma wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache tu baada ya mtakatifu huyo kufariki mwaka 1226, anasimulia pia kwamba karibu na Greccio hiyohiyo ndugu mmoja alimletea Fransisko sungura mdogo aliyenaswa mtegoni. Fransisko alimhurumia, akamwita ndugu, akamwuliza ilikuwaje akakubali kunaswa. Ndugu aliyekuwa amemshika alipomwachia, sungura alimkimbilia Fransisko mwenyewe, akatulia kifuani pake. Kila alipowekwa chini aende zake, alirudi. Mwishowe Fransisko aliomba apelekwe msituni.

Tazameni mambo mawili. Sungura yule alikaa kwa Fransisko akiwa huru kuondoka. Hapakuwa na mkono uliomshikilia. Huo ndio ushahidi wa pekee tulio nao kwamba mnyonge yuko salama mbele ya mwenye nguvu: anaweza kuondoka, na anachagua kubaki. Ndiyo maana sanduku la sungura lina matundu mawili. Jambo la pili, Fransisko hakumfanya sungura kuwa pambo la upendo wake. Alifurahi naye, kisha akamrudisha msituni, kwa sababu alitafuta mema ya sungura kabla ya furaha yake mwenyewe. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Fransisko kuwa msimamizi wa wanaoshughulikia mazingira, mwaka 1979, alituwekea mbele mtu aliyejua kupenda viumbe bila kuvimiliki kwa pupa.

Walionyamaza nyumbani mwetu

Najua wapo watakaosema: Padre, kuna watu wana njaa, na wewe unahubiri paka na sungura? Wana haki ya kuuliza. Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2418, inatukumbusha kwamba ni kinyume cha heshima ya mwanadamu kuwatesa wanyama bila sababu, na papo hapo inaonya tusitumie kwao fedha ambazo kwanza zilipaswa kuondoa taabu za watu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Papa Fransisko naye katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015 alifundisha kwamba moyo ni mmoja: ukatili tunaouzoea kwa viumbe wengine haukawii kuonekana katika namna tunavyowatendea watu.

Moyo ni mmoja. Kwa hiyo tugeuze macho sasa, kutoka bandani hadi mezani. Ni nani ndani ya nyumba yako amenyamaza, na wewe umeuita unyamavu wake adabu? Binti wa kazi asiyewahi kulalamika, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Mtoto wa marehemu ndugu yako, ambaye wageni wanamsifu kwa utulivu, kwa kuwa hapigi kelele na wenzake. Mke anayeacha kuzungumza mlango wa mbele ukifunguliwa jioni. Mzee aliyeletwa mjini kutoka kijijini, anayejibu kila swali kwa "sijambo tu, mwanangu." Tunaingia, tunaona kimya, tunamshukuru Mungu kwa nyumba yenye amani. Mfalme wa Isaya hatahukumu hivyo. Ataangalia kama mtoto yule hula akiwa ametulia, au anameza haraka akitazama pembeni. Ataangalia kama binti yule ana mlango wa kutokea: mshahara wake mkononi, simu ya kumpigia mamake, siku ya mapumziko, mtu wa nje anayeweza kumwambia ukweli.

Na kama mnyonge yuko hatarini kweli, hatuanzi na mazoezi ya kuwazoesha. Tunaanza kwa kuwatenga. Mtu anayepigwa nyumbani hahitaji kuhubiriwa uvumilivu wakati anayempiga yuko chumba kimoja naye. Anahitaji mlango imara kati yao, na watu wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo walio tayari kusimama kwenye mlango huo, na vyombo vya sheria. Mapatano yana wakati wake, na wakati huo huamuliwa na usalama wa aliyeumizwa.

Wazazi, watoto wenu wanajifunza haya yote kabla hawajajua kusoma Isaya. Mtoto aliyefundishwa kukaa sakafuni dakika kumi bila kumgusa sungura, akisubiri asogee mwenyewe, amejifunza heshima ambayo siku moja itamfaa mke wake, au mume wake, au mfanyakazi wake. Isaya alisema mtoto mdogo atawaongoza. Tumpe mtoto huyo mafunzo ya uongozi nyumbani, tukiwa naye, mapema.

Zoezi la juma

Juma hili kila familia ifanye jambo moja. Walio na wanyama nyumbani, wakae nao robo saa kila jioni bila simu wala televisheni, wakiwatazama tu. Kisha watoto waeleze ni yupi anaonekana ana hofu, na pamoja mkubaliane kitu kimoja cha kubadilisha: tundu la pili kwenye sanduku, wavu ulioziba, mlango wa usiku, safari ya kwa daktari wa mifugo. Wasio na wanyama, wafanye zoezi lilelile kwa watu. Mkuu wa nyumba amtafute aliye mkimya kuliko wote, faraghani, amwulize kwa upole kitu gani kinamwogopesha katika nyumba hii, asikilize mpaka mwisho bila kujitetea. Akishasikia, abadilike yeye kwanza.

Tuombe

Ee Mungu Mwenyezi, Baba wa viumbe vyote, wewe uliyempa paka kucha zake na sungura mbio zake, na sisi ukatupa mamlaka juu ya nyumba zetu, utusamehe kila mara tulipofurahia kimya cha mnyonge tukakiita amani. Utupe macho ya Mwanao, yasiyodanganywa na sura ya mambo. Utupe uvumilivu wa kutengeneza njia taratibu, maarifa ya kutenda wema bila kudhuru, na unyenyekevu wa kubeba sisi wenyewe mzigo wa mabadiliko. Uwalinde wote wanaoogopa usiku huu chini ya mapaa yetu, na utufanye sisi kuwa jibu la sala zao. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.